Adui Aliyevaa Paa la Nyumba Yetu

Fundi alinipigia kelele kutoka juu ya kenchi.

"Braza! Weka chini hiyo! Weka chini!"

Nilikuwa nimeinama kwenye nyasi nyuma ya kota namba nne, nyumba niliyokulia, katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Mkononi nilishika kipande cha paa kilichovunjika, ukubwa wa kiganja. Sikukiokota kwa sababu yoyote. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda ukiona embe chini ya mwembe. Kabla hajapiga kelele ya pili nilishakifuta vumbi kwenye paja la suruali.

Mafundi walikuwa sita, wote ndani ya ovaroli nyeupe zenye kofia, glavu, mabuti ya mpira, na barakoa zile zenye vichujio viwili vya mviringo mashavuni. Mmoja alibeba bomba la mgongoni, la aina wanayopulizia dawa shambani, ila ndani mlikuwa na maji matupu. Kazi yake ilikuwa kulowesha paa lisitoe vumbi. Wengine walilegeza misumari mmoja mmoja na kushusha mabati ya asbesto yakiwa mazima, polepole, kama watu wanaoteremsha jeneza. Chini yalipokelewa, yakafungwa nailoni nzito mara mbili, yakapakiwa.

Mimi nilikwenda kupiga picha tu. Baba alitaka kuiona nyumba kabla haijabadilishwa sura.

Nikarudi Dar na picha kumi na tisa, na jambo moja lililokataa kunitoka kichwani kwa wiki tano. Watu waliojifunika gubigubi namna ile niliwahi kuwaona. Niliwaona kwenye katuni ya mwaka 1963. Kule, aliyejifunika ndiye alikuwa adui.

## Profesa Karloff

Wanaopita hapa mara kwa mara wanaujua ugonjwa wangu, kwa hiyo sirudii kueleza kwa nini mtu mzima mwenye watoto wawili anakesha na katuni za Marvel za enzi za senti 12. Niseme tu kwamba toleo hili, Strange Tales namba 111 la Agosti 1963, wakusanyaji hulitafuta kwa ajili ya kurasa za nyuma. Mle ndimo Baron Mordo alimotokea mara ya kwanza, kwenye kihadithi kifupi cha Doctor Strange. Mordo akakua, mpaka akaja kuigizwa na Chiwetel Ejiofor kwenye filamu ya 2016. Hadithi ya mbele ilikuwa ya Asbestos Man, na huyo hata mashabiki wenzangu wakimtaja, wanamtaja ili wacheke.

Jina lake ni Profesa Orson Karloff. (Ukisikia harufu ya waigizaji wawili wa Hollywood waliogonganishwa, Orson Welles na Boris Karloff, pua yako haina kosa.) Ni mkemia. Kipato hakimtoshi, anaamua kuingia kwenye uhalifu, anajaribu kumwibia mwajiri wake, anashindwa. Mtu mwingine angerudi kazini kimyakimya. Karloff anajiambia kwamba wahalifu watamheshimu akimwangusha mtu maarufu, na anamchagua Human Torch, yaani Johnny Storm, yule kijana wa kundi la mashujaa la Fantastic Four anayewaka moto na kupaa. Kwa nini huyo? Kwa sababu kila mkemia wa wakati ule alijua kitu kimoja kisichoogopa moto.

Anajitengenezea vazi la asbesto. Ngao ya asbesto. Wavu wa asbesto. Anamwita Johnny wapambane, na mara ya kwanza anamshinda. Mara ya pili anapigwa, polisi wanamchukua, basi. Dick Ayers, aliyeichora hadithi ile, akaendelea na maadui wengine. Karloff akapotea kwa miongo.

Hatishi hata kidogo. Ana elimu ya darasani na kinyongo cha mshahara. Watu wa namna yake nimefanya nao kazi ofisi tatu.

## Pa!

Sisi watoto wa kota, vipande vya paa vilikuwa mali yetu. Tulivitumia kuchora mistari ya uwanja kwenye saruji ya barazani. Vilitoa mstari mweupe mzuri kuliko chaki tulizoiba darasani. Mama alinolea kisu. Maji ya mvua yaliyoteremka kutoka paa lilelile yaliingia kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa yaliingia kwenye mtungi.

Lakini raha yenyewe ilikuwa jioni, taka zikichomwa.

Unatupia kipande katikati ya moto. Unarudi nyuma hatua kumi. Unahesabu kimoyomoyo, kwa sababu anayehesabu kwa sauti anaambiwa anawafukuza. Asbesto haiungui, hilo kila mtu alilijua, ila bati la asbesto ni saruji kwa sehemu kubwa, na saruji ikipata moto wa ghafla unyevu uliojificha ndani hutafuta pa kutokea. Kimya. Kimya.

Pa!

Vipande vinaruka, majivu yanapanda, nasi tunakimbilia ndani ya ule moshi kugombea kilichobaki kikubwa. Aliyekipata ndiye steringi wa jioni ile. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo nilipangiwa uadui karibu kila siku, na adui lazima afe kabla ya kuitwa kuoga. Steringi hafi. Hiyo ilikuwa sheria kutoka kwenye banda la video, na haikuwa na rufaa.

## Nilivyocheka

Mwaka 2011, katikati ya mkasa mrefu wa Marvel ulioitwa Fear Itself, waandishi walikwenda kumfukua Karloff. Amezeeka. Ana saratani, anatembea na mtungi wa oksijeni, na bado amevaa vazi lake. Anayekutana naye ni kundi la mashujaa wa daraja la tatu, Great Lakes Avengers, na hakuna anayetamani kumsogelea. Nguvu zake haziwatishi. Wanaogopa nguo yake. Mwishowe wanambembeleza ajisalimishe, wakimhakikishia kwamba hatasahaulika.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kuna nini.

Baada ya kota namba nne niliifungua tena. Kicheko hakikuja. Nilirudi ukurasa mmoja nyuma, nikasoma upya, nikijaribu kukitafuta, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni wakati anajua kaziacha mezani.

Mzaha wenyewe uko hivi: msomaji wa 2011 anajua kwamba vumbi la asbesto huleta saratani, Karloff wa 1963 hajui. Tunamcheka kwa kutojua. Sawa. Ila mimi niliyekimbilia moshi sikujua, Baba aliyekuwa mwalimu hakujua, na sijasikia mtu yeyote akisema tulikuwa kichekesho.

Nikajiuliza nani alijua, na tangu lini.

## 1939

Asbesto ni neno la Kigiriki. Maana yake ni kitu kisichozimika. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Oktoba 1939 ndipo Human Torch wa kwanza kabisa, kazi ya Carl Burgos, alipotokea kwenye Marvel Comics namba 1. Hakuwa Johnny, alikuwa mtu wa kuundwa maabara. Mwaka huohuo, New York hiyohiyo, yalikuwako Maonyesho ya Dunia, na kampuni ya Johns-Manville ilijenga jumba lake, likiwa na mchoro wa Hildreth Meière ulioitukuza asbesto kuwa ni madini ya ajabu. Na mwaka huohuo tena, kusini mwa bara letu, mgodi wa asbesto wa Havelock ulianza kazi Swaziland, ambayo leo tunaiita Eswatini. Mzigo ulisafirishwa kwa ndoo zilizoning'inia kwenye kamba ya chuma, kilomita 20 juu ya milima, mpaka Barberton upande wa Afrika Kusini, ukapakiwe kwenye treni.

Zile ndoo zimenikaa sana. Mtu analima kwenye mteremko, kivuli cha ndoo kinampita mgongoni, kinafuata kingine. Na upande wa pili wa dunia mtoto ananunua kijitabu ambamo mtu anawaka moto. Miaka inapita, anahitajika adui wa kupambana na mtu huyo. Mwaka 1947, kwenye Captain America Comics namba 63, akaja Asbestos Lady. Karloff alikuta njia imeshalimwa.

Sasa waliojua.

Mwaka 1924, Rochdale, Uingereza, alikufa mwanamke aliyeitwa Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi za asbesto. Alikuwa na miaka 33. Kampuni ilikataa kumlipa fidia. Daktari William Cooke alilitazama pafu lake kwa hadubini na kuandika alichokiona. Kufikia 1931 Uingereza ilikuwa na kanuni za kudhibiti vumbi la asbesto viwandani.

1931. Miaka minane kabla ya jumba la madini ya ajabu.

## Watu thelathini na watatu

Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, ugonjwa uliokuwa adimu hata madaktari wengine wakabisha kama upo. Karibu wote walikuwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu ya Cape, Afrika Kusini. Nilipofika kwenye maelezo ya wagonjwa ilibidi niweke simu chini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu. Wengine walikuwa watoto waliocheza kwenye vifusi.

Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Karloff kuvaa vazi lake. Mwaka 1964 daktari Irving Selikoff na wenzake walitoa hesabu ya mafundi 632 wa New York na New Jersey, watu waliokuwa wakifunga vizuia joto kwenye mabomba na mitambo. Kwa wanaume wa umri wao ungetarajia vifo kama 6.6 vya saratani ya mapafu na utando wake. Walikufa 45. Oktoba ya mwaka huo wataalamu walikutana New York kulijadili jambo hili, miezi kumi na minne baada ya tarehe iliyochapwa kwenye toleo la Karloff, katika mji uleule lilikochapishwa.

Hapa ningeweza kuifunga makala. Rasimu yenyewe nilishaiandika: adui halisi hakuvaa asbesto, alivaa suti na tai, alikaa ofisini na taarifa za madaktari kwenye droo. Ilisomeka vizuri. Na si uongo.

Nikaifuta. Ilikuwa inanipa raha mno, na ilikuwa inamruka mtu mmoja.

## Chumba cha Johnny

Niliyemruka ni steringi mwenyewe.

Ukizisoma zile Strange Tales za mwanzo kwa mfululizo, kuanzia namba 101 ya Oktoba 1962, utaona kuwa asbesto si silaha ya Karloff peke yake. Imejaa kila mahali. Chumba cha kulala cha Johnny mwenyewe kimetengenezwa kwa asbesto ili asiteketeze nyumba akiota vibaya. Ni kijana wa sekondari, anaishi na dada yake, na kila usiku anavuta shuka humo ndani.

Basi fanya hesabu ya mwenye akili zake. Karloff alivaa asbesto mara chache akapigwa. Johnny alilala ndani yake usiku baada ya usiku. Mwaka 2011 aliyeletwa na mtungi wa oksijeni ni nani?

Hapo ndipo nilipokielewa kilichokuwa kinanikera. Waandishi waliujua ugonjwa vizuri kabisa. Waliupeleka kwa adui kwa sababu kwa adui unakaa vizuri. Unafanana na hukumu. Ungeupeleka kwa Johnny ungekuwa huzuni, na msomaji angeandika barua ya malalamiko.

Na hili si la Wamarekani peke yao. Mtu akiugua mtaani kwetu, swali la kwanza ni anaumwa nini, la pili, kwa sauti ya chini, ni alifanya nini. Alikuwa anavuta? Alikuwa anakunywa? Alimdhulumu nani? Tunamtafutia kosa, na tukilipata tunapumua, maana sisi hatukulifanya. Nimelifanya hilo msibani, sahani ya pilau mkononi, tena kwa mtu niliyempenda. Vumbi halina habari hizo. Lile la Cape liliingia kwa mchimbaji, kwa mkewe, na kwa mtoto aliyekuwa akiteleza kwenye kifusi akicheka.

Namwona Karloff kwa namna nyingine siku hizi. Alikuwa mkemia aliyeamini kitabu chake cha kemia.

## Baba

Nilimtumia picha zote kumi na tisa kwa WhatsApp, kisha nikampigia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo wamelitoa lile paa zuri."

Kwake ni paa zuri. Alilitetea kama mtu anayemtetea rafiki aliyesingiziwa. Nyumba ilikuwa ya baridi hata Januari. Mvua ikinyesha unasikizana na mwenzio, si kama bati, bati unafikiri mbingu inamwaga mawe. Ndani ya nyumba ile alisahihisha mitihani miaka ishirini na mbili. "Lilitusitiri," alisema.

Nikamweleza. Nilijitahidi nisimtishe, na nilimwambia ukweli kwamba bati la asbesto likiwa zima, saruji inazishika zile nyuzi. Hatari inaanza ukilivunja, ukilikata, ukilitoboa, ukilichoma.

"Nani alikuwa analivunja?"

"Sisi. Tulikuwa tunatupia vipande kwenye moto vilipuke."

"Mlikuwa watundu sana." Akacheka. Halafu akanyamaza kwa muda, nikasikia redio yake kwa nyuma, taarifa ya habari. "Mimi nililitoboa," alisema. "Siku ile ya kufunga antena. Nilikaa juu asubuhi nzima na keke. Mama yako alikuwa chini ananishikia ngazi."

Sikuwa na la kusema.

"Alikuwa anapiga chafya, ananiambia shuka, unanimwagia unga."

Mama yupo, mzima, nilimsikia akiuliza ni nani kwenye simu. Baba akamwambia ni mimi, nasalimia. Kisha akashusha sauti.

"Huyo mtu wako wa kwenye vitabu. Alikufa?"

"Mara ya mwisho alikuwa hai, Baba. Anaumwa."

"Mpe pole."

Hakuwa anatania. Baba hatanii juu ya wagonjwa, hata wa kuchorwa.

## Suruali

Imebaki ile suruali.

Niliivua jioni ileile nilipofika Dar, nikaitia kwenye mfuko, nikaufunga, nikauweka kwenye kona ya kibaraza cha nyuma. Mwaka 1965 madaktari wa London waliandika kuhusu watu waliougua saratani ileile ya utando wa mapafu ilhali kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto. Walikuwamo wanawake waliofua ovaroli za waume zao. Nikishaisoma habari kama hiyo, nitaichukuaje suruali na kuitupa kwenye tenga la nguo chafu?

Najua kufuta kipande kimoja mara moja si ovaroli ya miaka kumi. Nimejiambia hivyo kila nilipopita pale.

"Baba Neema," mke wangu aliniuliza wiki ya tatu, "hiyo suruali unaifanyia arobaini?"

"Usiiguse."

"Siigusi. Nauliza."

Jumamosi iliyopita niliamua. Nilivaa barakoa iliyobaki tangu enzi za korona, glavu za kuoshea vyombo, koti la mvua lililonifika magotini. Nikajaza ndoo. Nikaufungua mfuko taratibu na kumimina maji ndani kabla ya kuichomoa nguo, vilevile kama nilivyomwona yule fundi wa bomba akilowesha paa. Suruali ilijaa maji, ikazama, ikawa nzito. Nikaufunga mfuko, nikatia ndani ya mfuko mwingine, nikafunga tena. Hapo nikakwama, kwa sababu wale mafundi walikuwa na lori linalojua linakokwenda.

Nilikuwa nimesimama hivyo, mikono mbali na mwili, maji yakinichuruzika, nilipomwona mtoto wa jirani. Ana miaka sita. Alikuwa amepanda tofali upande wa pili wa ukuta, kidevu juu ya ukingo, ananitazama bila kupepesa.

"Anko," akasema, "wewe ni steringi au adui?"

Nikamwambia ashuke, arudi nyuma kidogo kwanza.